Vitunguu Vilivyomuungulia Neus

Jumapili hiyo Neus alitoka zamu ya asubuhi, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, akiwa hoi na miguu imemvimba. Nyumbani kwake, katika mji wa Valls, mumewe Eudald na ndugu zake wawili walikuwa wameshakaa mezani, wanakunywa divai na kusubiri vitunguu. Kila majira ya baridi, mchomaji ni Neus.

Aliwasha matawi makavu ya mzabibu uani, akapanga vitunguu virefu juu ya wavu, kisha akaketi kidogo tu apumzishe miguu. Usingizi ukamchukua palepale.

Vitunguu hivyo huchomwa mpaka ganda la nje liwe jeusi tii, lakini siku hiyo viliungua mpaka ndani, vikawa majivu.

"Ala! Mkeo katuunguzia chakula!" shemeji mmoja akamaka.

Eudald akainuka kwenda kumwamsha mkewe.

"Ole wako umguse," mama yao, bibi Engràcia, akamwambia, huku akimfunika mkwewe koti. "Bustanini vitunguu vimejaa. Mikono mnayo, nendeni mkang'oe."

Wakaenda wakinung'unika. Neus alipozinduka, wanaume watatu walikuwa wanakohoa kwenye moshi wa vitunguu vipya.

"Nisamehe, mama. Nimepitiwa na usingizi."

"Lala tu, mwanangu. Enzi zangu mimi nami nilikuwa nasinzia hapohapo, ila kila mara waliniamsha."

Akammenyea kitunguu, akakichovya kwenye mchuzi wa lozi, akampa. Neus alikila akiwa amefumba macho, kisha akalala tena.