Siku Niliyokwenda Ukweni Bila Njaa

Mimi nilimeza dawa nikiwa mzima, na sioni kwa nini watu wa kwetu mpaka leo wananicheka. Wataalamu walikuja Lushoto wakitafuta watu wazima wenye afya, wawape kidonge cha kupunguza njaa, waone ubongo unafanyaje ukionyeshwa chakula. Nilipimwa nikaambiwa sina ugonjwa wowote. Nikapita sokoni kifua mbele.

Basi nikavalishwa kofia ya nyaya, nikaonyeshwa picha. Keki. Piza, ambayo mimi niliiona chapati iliyomwagikiwa na mboga. Dada wa kwenye kompyuta akaniuliza kama naitamani. Nikamwambia, dada yangu, hiyo hata kabla ya dawa nisingeitamani, niwekee makande uone. Makande hawakuwa nayo. Ubongo wangu ukakaa kimya, nao wakafurahi kwamba dawa inafanya kazi.

Shida ni kwamba ilikuwa inafanya kazi kweli. Njaa ilihama kabisa. Na Jumapili ile, baada ya ibada, nilitakiwa Mponde kwa wazazi wa mchumba wangu, nile chakula alichopika mwenyewe. Kwao wanalima chai kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili, na mkwe hapimwi kwa maneno, anapimwa kwa bakuli. Asiyekula halimi, na asiyelima haozwi. Nami yule binti nilimpenda hadi aibu.

Bakuli likaletwa, makande ya nazi hadi ukingoni. Nikayatazama kama kokoto. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alimaliza lake akaongezewa, lakini tumbo la mshenga halihesabiwi.

"Mbona huli, baba?" mama wa mchumba wangu akauliza.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa nilishamwamkia mlangoni.

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimemeza dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kutosikia njaa."

Baba wa binti akaweka kijiko chini. "Huko kwenu mna chakula kingi kiasi gani," akauliza taratibu, "hadi njaa muitafutie dawa?"

"Wanatazama ubongo wangu, mzee."

"Wameuona?"

Baba mdogo akakohoa. Mimi nikajilazimisha vijiko viwili, cha tatu kikagoma kooni. Mzee akasema hana ubaya na mimi, ila binti yake hawezi kuchemsha mahindi maisha yake yote kwa ajili ya mtu asiye na njaa. Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake ili atusindikize. Niliumia, nasema kweli. Nilitaka kulia pale pale mbele ya wakwe.

Ndipo binti akatoka jikoni. Kwao msichana haketi mkeka mmoja na mchumba wake, sembuse mbele ya baba yake. Akaketi ubavuni kwangu, akavuta bakuli langu, akala. Hakumtazama mtu. Alikula makande yote, akakwangua na chini, akafuta mdomo kwa upande wa khanga.

"Amekula," akasema, akilirudisha bakuli tupu mbele yangu.

Mzee akalitazama bakuli, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, kiatu kimoja bado mkononi. Kisha akakaa, akamwuliza mshenga mahari wataileta lini.