Geuza wa Mwisho

Kwa miaka thelathini na mmoja fundi mihuri aliamini kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho duniani mwenye ukoo wa Geuza, na imani hiyo ilimkalia kifuani kama mfuko wa saruji. Siku hizi akisimulia hucheka mpaka anavua miwani afute machozi. Lakini wakati ule halikuwa jambo la kucheka hata kidogo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu na chembamba, kilichobanwa kati ya duka la miwani na ofisi ya wakili. Ndani mlikuwa na meza, taa yenye mkono wa chuma, na kabati la droo ndogondogo zilizojaa herufi za mpira. Zamani alizipanga herufi hizo moja moja kwa kibano, kinyumenyume, ili muhuri ukigongwa kwenye karatasi maandishi yasomeke sawasawa. Baadaye alinunua mashine ya kuchonga mpira kwa mwanga, lakini zile droo hakuzitupa. Alikuwa anasoma maandishi yaliyopinduka kwa wepesi uleule ambao wengine husoma yaliyo wima, na wateja walipenda kumtania kwa hilo.

"Mzee Geuza," wangesema, "kazi yako kugeuza herufi, jina lako Geuza. Ulilichagua au lilikuchagua?"

Naye angetabasamu, akawakabidhi muhuri wao. Majina ya mji mzima yalikuwa yamepita mikononi mwake: madaktari, walimu wakuu, vyama vya ushirika, wauza dawa za mifugo. Alitengeneza mihuri ya watu waliokuja kuwa wakubwa na ya watu walioishia jela. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuingia mlangoni akaagiza muhuri wa Geuza.

Mzigo wenyewe alitwishwa na baba yake, fundi cherehani, hospitalini, siku mbili kabla hajafariki. Mzee alimshika mkono akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kaka yako katangulia bila mtoto. Umebaki wewe. Hili jina si la kuokota njiani. Babu yetu mkubwa aligeuza vita. Adui walikuja kwa mamia, akawageuza wakarudi walikotoka. Lisifie mikononi mwako."

Fundi mihuri aliitikia. Angefanya nini? Wakati huo alikuwa na binti mmoja. Akaja wa pili, akaja wa tatu, akaja wa nne. Hakuwa mtu wa kudharau watoto wa kike. Kila mmoja alimpokea kwa furaha na akamlea kama mboni ya jicho. Ila kila alipombeba mtoto mchanga, pembeni ya ile furaha palikuwa na sauti ya kukwaruza iliyokuwa inahesabu. Baada ya wa nne mkewe alimtazama usoni akamwambia, "Mume wangu, kiwanda nimekifunga." Wakacheka wote wawili, lakini yeye alicheka kidogo kuliko mwenzake.

Alianza kutafuta. Orodha za wapiga kura zilipobandikwa kwenye kuta za shule, alisimama kwenye jua akizisoma jina kwa jina. Matokeo ya mitihani yalipotoka gazetini, aliyapitia kwa rula. Posta palikuwa na kitabu kikuukuu cha simu, nacho kiliruka kutoka Ga kwenda Gi kana kwamba katikati hapakuwahi kuzaliwa mtu. Mabinti watatu wa kwanza waliolewa, na watoto wao wakachukua majina ya baba zao, kama kawaida. Akabaki kitinda mimba, mpima ardhi, msichana wa maneno machache na buti zenye matope. Naye alipoleta mchumba, kijana mpole, fundi umeme, baba mtu alishindwa kujizuia. Aliwakalisha sebuleni akatoa ombi lake: mtoto wao wa kwanza aitwe kwa ukoo wa Geuza.

Kijana aliinama akasema kwa adabu kwamba nyumbani kwao pia kuna mzee anayesubiri jina lake.

"Basi wa pili," fundi mihuri akasema.

"Baba," binti akadakia, "unaniozesha au unanikodisha?"

Ilikuwa kauli kali, na ilimchoma kwa sababu ilikuwa na ukweli. Alijibu kwa hasira, binti naye akajibu, na mazungumzo ya harusi yakaishia pale. Kwa miezi miwili msichana alikuwa akija kumwona mama yake saa ambazo anajua baba yuko dukani. Baba akirudi hakuvikuta viatu vyake, ila matope yake mlangoni yalikuwepo.

Sasa, Jumanne moja asubuhi, simu yake ya mkononi ilipokea picha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, ile pana ya maseremala. Mtu alikuwa anaagiza muhuri. Maandishi yalisema: GEUZA NA WANAWE, MASEREMALA. Chini yake palikuwa na jina la mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi, na namba ya simu.

Alidhani ni utani wa karani wa wakili pale jirani, kijana aliyependa mizaha. Alitoka akachungulia, karani alikuwa anapiga miayo juu ya faili, hana habari. Akarudi, akakaa, akapiga ile namba. Upande wa pili msumeno ulikuwa unalia.

"Hilo jina Geuza ni la nani?" aliuliza.

"Langu, mzee. La baba yangu na la babu yangu. Nimekosea kuandika?"

"Hujakosea. Mko wangapi?"

"Hapa karakana tuko watano."

"Siulizi karakana. Nauliza wenye jina."

Seremala alicheka. "Mzee wangu, huku kwetu ukirusha jiwe utampiga Geuza. Kwani vipi? Mwenzangu unaitwa nani?"

Fundi mihuri alimtajia. Msumeno ulizimwa.

Muhuri ule hakuupeleka kwenye mashine. Alifungua droo zake za zamani, akapanga herufi kwa kibano, akaangusha Z mara mbili chini ya meza. Jioni alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa anakunja nguo, aliendelea kukunja mpaka habari ilipokwisha, kisha akasema, "Nenda. Ukibaki hapa utaugua bure, na mimi nitaugua kwa kukuuguza."

Ijumaa alikwenda, na muhuri akauweka kwenye mfuko wa shati kama mtu abebaye yai. Njia nzima alijiandaa kwa lolote. Labda ni watu waliojipachika jina tu. Labda waliliokota mahali. Alijiambia asifurahi mapema.

Karakana ilikuwa nyuma ya soko la mbao, imejaa vumbi la randa na harufu ya gundi. Seremala, mtu wa miaka arobaini na kitu mwenye penseli sikioni, alimpokea kwa mikono miwili, akakabidhiwa muhuri wake. Walitazamana sana, kila mmoja akitafuta pua yake kwenye uso wa mwenzake, na hakuna aliyeipata. Mmoja alikuwa mrefu mwembamba, mwingine mfupi wa mabega mapana.

"Twende kwa shangazi," seremala akasema. "Mimi najua mbao tu. Haya ya zamani ni yake."

Shangazi alikuwa uani, bibi wa miaka themanini na sita, amekaa kwenye kiti kisicho na mkono mmoja, akichambua misumari iliyopinda na iliyonyooka kwenye makopo mawili. Fundi mihuri alimwamkia, akaitikiwa. Alimtaja baba yake, na kazi yake ya ushonaji. Bibi aliacha misumari.

"Baba yako alikuwa anapiga mluzi kwa kuvuta pumzi ndani?"

Fundi mihuri alisogea hatua moja karibu. Baba yake alipiga mluzi hivyo maisha yake yote, cherehanini, bafuni, kila mahali. Hakuwahi kumwona mtu mwingine akifanya vile.

"Huyo tulimwita Majivu," bibi akasema. "Alikuwa hatoki karibu na tanuri. Tumecheza naye sana, mimi na yeye na wadogo zangu. Keti, mwanangu, usianguke."

Akaketi juu ya gogo, naye bibi akamweleza. Zamani pale mjini palikuwa na kiwanda kikubwa cha matofali, kando ya mto wenye udongo mwekundu. Wanaume walitoka kila upande kutafuta kazi, na wengi walikuwa na jina moja tu, walilopewa na mama zao. Akaletwa karani mpya, na daftari lake lilikuwa na safu mbili: jina, na jina la ukoo. Karani hakutaka safu ibaki tupu. Basi kila aliyesema jina moja, yeye kwenye safu ya pili alimwandikia kazi yake. Waliochota udongo wakawa akina Chota. Waliokanyaga wakawa akina Kanyaga. Na wale saba waliokaa uwanjani juani, wakigeuza matofali mabichi ili yakauke pande zote, wakawa akina Geuza.

"Vitambulisho vilipotolewa, vilinakiliwa kutoka lile daftari," bibi akasema. "Ikawa ndiyo basi. Wanne walikwenda kubadilisha. Baba yangu hakuona sababu ya kupanga foleni. Mmoja alifariki hana mtoto. Na mmoja ni babu yako. Udongo ulipokwisha, kiwanda kikafungwa, akamchukua Majivu, angali mtoto asiyejua habari za majina, wakaondoka. Tulisikia kwamba kijana alijifunza cherehani. Hatukusikia zaidi."

"Kwa hiyo hatuna damu moja?"

"Saba wale walitoka njia saba. Damu siijui. Ila chungu kimoja walikula, na jua lililowaunguza lilikuwa moja."

Fundi mihuri akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza jambo la aibu, "Na vita je? Baba alisema babu mkubwa aligeuza vita."

Bibi alimtazama. Midomo yake ilianza kucheza, mabega yakafuata, mpaka kopo la misumari likamponyoka mapajani. "Vita gani, mwanangu? Vita na mvua? Mvua ikitishia, walikimbia kufunika matofali. Hiyo ndiyo vita pekee niliyoiona pale, na mara nyingi walishindwa."

Hapo ndipo mfuko wa saruji ulipomtoka kifuani. Alitegemea kuona aibu, akaingoja, haikuja. Miaka yote alijiona kijitu kidogo, mpiga mihuri, aliyekabidhiwa jina la shujaa akashindwa hata kulizalia mtoto wa kiume. Yule shujaa alimwogopa. Lakini mtu wa kugeuza matofali juani, mwenye mgongo unaouma, huyo angeweza kuketi naye benchi moja wakanywa chai. Alianza kucheka na bibi, na seremala naye akacheka bila kujua hasa wanacheka nini.

Mke wa seremala alileta daftari la shule wakahesabu. Walikuwa arobaini na watatu pale mjini, wengi wao mitaa ile ya nyuma ya soko la mbao. Kumi na wawili walikuwa machimboni, walikofuata kazi wakaoa hukohuko. Wanne walikuwa wamevuka mipaka, mmoja wao muuguzi, mwingine dereva wa malori aliyekuwa hajulikani yuko wapi hata kwa mkewe. Na wiki iliyopita walizaliwa mapacha. Shangazi alimuuliza fundi mihuri ana watoto wangapi, kisha akamwambia mke wa seremala aongeze mstari chini. "Andika na huyu," akasema, "na mabinti zake wanne. Mbona wao umewaacha?"

Saa tisa alasiri, akiwa bado kwenye gogo lile, alimpigia simu binti yake. Ililia muda mrefu kabla haijapokelewa.

"Baba. Uko wapi? Mbona makelele?"

"Niko kwa akina Geuza."

"Akina nani?"

"Nitakueleza. Sikiliza kwanza. Lile ombi langu nimeliondoa. La mtoto. Mtamwita mtakavyo, ukoo wowote. Mwambie na mwenzako. Na ile siku nilikukosea."

Kisha binti akasema taratibu, "Baba, unaumwa?"

"Sijawahi kuwa mzima hivi."

Akamsikia akivuta kamasi, halafu akicheka, halafu akimwambia mtu pembeni, "Shika hiki kipimo, naongea na baba yangu."

Harusi ilifanyika miezi mitatu baadaye. Seremala alifika na watu kumi na wanne, na viti viwili vya mninga alivyotengeneza mwenyewe kama zawadi. Mwaka uliofuata alizaliwa mtoto wa kiume, akapewa ukoo wa yule mzee wa upande wa pili aliyekuwa akisubiri. Fundi mihuri alimbeba, akamnusa kichwani kama watu wanavyowanusa watoto wachanga, na safari hii hakuna sauti iliyohesabu chochote.

Kila baada ya miezi miwili hupanda basi kwenda kwa shangazi. Huwa anachambua naye misumari, huku akimuuliza habari za Majivu: alipenda kula nini, alilia kwa sababu gani, nani alimfundisha mluzi. Bibi hakumbuki yote, na mengine yawezekana anayatunga papo hapo kwa sababu anapenda kuwa na msikilizaji. Fundi mihuri hajali. Husikiliza mpaka basi la mwisho lipige honi, kisha huaga bila haraka.