Jina Lilifutwa, Ng'ombe Akaachwa

Siku ile ya mvua ya mawe naikumbuka kwa sababu ya punda, si kwa sababu ya mvua. Tulikuwa tunapeleka pamba godauni, mimi na kaka yangu, na punda wetu alikuwa na tabia moja: akisikia ngurumo analala chini papo hapo na mzigo wake. Mawe yakaanza kudondoka, makubwa kama mayai ya kanga. Punda kalala, kaka yangu anamvuta huku analia kwa hasira, mimi nacheka. Akanipiga kofi nikaacha kucheka. Mwanangu, usinione mzee ukadhani nilizaliwa na akili.

Tukamwacha punda tukakimbilia jengo la baraza, maana enzi hizo pale Nkololo ndilo lililokuwa na bati. Ndani alikuwemo karani, mtu mwembamba, anavaa soksi hata jua likiwaka. Watu tulijaa, pa kukaa hapakuwepo, nikajikalisha juu ya sanduku la chuma lililokuwa pembeni. Karani akanitazama. "Wewe, shuka hapo. Umekalia kesi za watu." Nikashuka. Pamba ililowa yote, na baba aliyoyasema jioni ile siwezi kuyaandika hapa.

Nataka nikueleze habari za sanduku lile, kwa kuwa nimesikia unakwenda kusomea historia, na kwamba kazi yenu ni kupekua makaratasi ya zamani. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Mambo ya darasani utawauliza wenyewe. Nakueleza niliyoyaona.

Karani alikufa, baraza likafungwa, sanduku likabaki kwa watoto wake. Kwa miaka mingi walilifanya meza ya redio. Halafu hivi karibuni, simu za kupiga picha zikiwa zimeshafika hata kwa wachunga ng'ombe, akaja kijana mmoja anaitwa Elisha, mtu wa Mbeya. Alikuwa na kikundi cha wenzake wanakusanya historia ya vijijini. Kijana mzuri, sina neno baya naye. Kisukuma alijitahidi, isipokuwa alikuwa anasema "mwadila" hata asubuhi, ambapo sisi tunasema "mwangaluka", na akina mama wakawa wanamsubiri njiani wamcheke. Akawaomba watoto wa karani lile sanduku. Wakampa, wakahamishia redio dirishani.

Elisha akachagua kurasa, akazipiga picha, akazikuza, akazibandika kwenye mbao ndani ya hema. Hema lenyewe akaliweka kando ya mnada wa ng'ombe, siku ya mnada, ili watu wengi waone. Mimi aliniita nikae pale niwasimulie watu mambo ya zamani, akaninunulia soda. Nikamwuliza, "Hizi kesi wenyewe umewaomba?"

"Babu, ni za zamani mno, wenyewe wameshatangulia. Na hata hivyo majina yote nimeyafuta, ndivyo tulivyofundishwa."

Kweli alikuwa ameyafuta. Kila palipokuwa na jina la mtu alipitisha kalamu nene nyeusi, hata ukiweka juani husomi kitu. Niliona ni kazi safi, nikanywa soda yangu.

Sasa ukurasa mmoja ulikuwa wa kesi ya njigu. Wewe umekulia mjini, labda hujui. Kwetu msichana akizaa nyumbani kwao, kisha akaolewa, yule mume akimtaka na mtoto awe wake, anampelekea baba wa msichana ng'ombe. Hiyo ndiyo njigu. Ikishalipwa, mtoto ni wa mume, atarithi, atamzika, hakuna wa kuuliza. Katika ukurasa ule baba wa msichana alikuwa analalamika kwamba mtoto amechukuliwa bure. Mume akajibu kwamba alishatoa zizini mwake ng'ombe jike mweusi, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imekunjika kuelekea jichoni. Baba wa msichana akasema ng'ombe huyo aliletewa akamue maziwa tu, hakuwa wa njigu. Ukurasa ukaishia hapo. Hukumu ilikuwa ukurasa mwingine, na ukurasa huo sandukuni haukuwemo.

Wakaingia wanaume watatu kutoka mnadani, mmoja wao Ndaki, mtu wa utani asiyejua kunyamaza. Akasoma kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye pembe akasimama.

"Ebo! Huyu ng'ombe namjua."

"Utamjuaje ngosha, amekufa kabla hujaota meno!" mwenzake akamwambia.

"Namjua nakwambia. Pembe hii ipo zizi moja tu hapa. Chungulia nje. Mjukuu wake si huyo kafungwa kwenye kigingi?"

Wakachungulia, nami nikachungulia. Kwenye kigingi alikuwa amefungwa ng'ombe mweusi, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imekunjika jichoni, na kando yake amesimama Limbu, jirani yangu, mtu wa miaka sitini hivi, anangoja mnunuzi. Limbu ni mtoto wa kwanza wa marehemu Maduhu. Ndiye aliyemzika baba yake, ndiye aliyekaa na shamba la mpunga na mama yake mzee.

Ndaki akaita, "Limbu! Njoo usalimie bibi wa ng'ombe wako, yuko ukutani huku!"

Watu wakacheka. Limbu naye akaja anacheka. Akasoma. Najua alifika wapi kicheko kilipomwisha, maana nilikuwa namtazama. Maduhu wakati wa kesi ile alikuwa na mke mmoja na mtoto mmoja, huyo Limbu. Nyuma ya Limbu alisimama Shija, mdogo wake wa mama mwingine. Alitoa simu akaupiga picha ukurasa.

Elisha alipoona watu wameacha kucheka akauliza kuna nini. Nilipomweleza aliubandua ukurasa ule kwa mikono yote miwili, ukachanika. Lakini kabla jua halijazama ulikuwa umeshafika kwenye grupu la ukoo, na kutoka hapo ukaenda Nkoma, ukaenda Mwamanyili, ukaenda kwa watu wasiomjua hata Limbu mwenyewe.

Haikuchukua muda Shija akaitisha kikao cha ndugu. Niliitwa kama jirani. Akasema hana ugomvi na mtu, anataka tu kujua. Shamba la baba ni la watoto wa baba. Kama njigu ililipwa, basi, tuoneshwe. Kama haikulipwa, Limbu ana kwao, na kwao si hapa.

Limbu akamgeukia mama yake. "Mayu, ng'ombe yule alikuwa wa nini?"

Yule mama akavuta kanga yake magotini. Akasema, "Maduhu alikubeba begani toka kwetu mpaka hapa. Mambo ya ng'ombe walizungumza wanaume, mimi sikuitwa."

"Hukuwahi kuniambia."

"Nikwambie nini? Ulikuwa na baba."

Katikati ya maneno hayo akafika Elisha kuomba radhi. Alipiga magoti kabisa mbele ya yule mama, suruali yake nzuri kwenye mavumbi. "Mama, nisamehe. Jina lako nililifuta."

Mama akamtazama bila hasira. "Uliponunua maji ya kunywa, ulinunua kwenye kibanda gani?"

"Hapo barabarani, mama."

"Ni cha mjukuu wangu. Mimi huwa nimekaa mlangoni. Ulikuwa unapita kila siku, unanisalimia mwadila. Niko hai, baba. Ungeniuliza."

Baadaye Elisha alilifunga sanduku lote, akalipeleka kwa watu wanaojua kuhifadhi, akawaandikia kwamba zisifunguliwe kesi za watu ambao huenda bado wapo. Alifanya vizuri. Lakini picha ya Shija hakuweza kuirudisha, na nadhani mpaka leo iko kwenye simu za watu, wameisahau.

Basi mwanangu, hili ndilo ninalokuomba. Karatasi kuchakaa si ushahidi kwamba watu wake wamekufa. Mtoto mchanga wa kwenye kesi anaweza kuwa mzee anayeuza ng'ombe nje ya hema lako. Hesabu umri wake kwanza. Ukiona anaweza kuwa hai, yeye au mama yake, mtafute umwulize, na akikataa, acha. Usiridhike kwamba aliyekupa sanduku amekuruhusu, maana sanduku ni lake, maneno yaliyomo si yake. Na usidhani ukifuta jina umemficha mtu. Huku kwetu wengine hata majina yao ya kwenye vitambulisho hatuyajui. Tunamjua mtu kwa kisima anachoteka, kwa mapacha aliozaa, kwa kovu, kwa zizi. Kabla hujabandika chochote ukutani, msomee faraghani mtu mmoja wa pale mwenye kifua, umtazame usoni. Akitabasamu kama amemjua mtu, ondoa. Na kama huna uhakika, iache karatasi ilale. Imelala miaka yote hiyo, haitakufa njaa.

Mungu akupe macho ya kusoma na ulimi wa kungoja. Wazee utakaowasoma wakupokee, na walio hai wakufungulie milango bila hofu. Uende salama, urudi salama.

Nimalizie habari ya Limbu. Ndugu walikubaliana jambo lisukumwe mbele, watafutwe wazee wa upande wa mama. Asubuhi iliyofuata nilikuwa napiga mswaki uani. Nikamwona Limbu anafungulia ng'ombe, anawapa watoto wa Shija wakachunge, anawaonyesha yule mwenye pembe kwamba asipelekwe kwenye miiba. Akaingia kwa mama yake, akatoka. Alikuwa na koti lake na fimbo.

"Mwangaluka, baba," akanisalimia kwa adabu kama kawaida yake.

"Mwangaluka. Wapi mapema hivi?"

"Nafika huko mbele," akasema.

Akashika njia ya kuelekea Itilima, njia ile ile Maduhu aliyopita amembeba begani, mwendo wake ule ule wa taratibu, mpaka koti likapotea kwenye mashamba ya pamba. Hakurudi tena.