Roswitha na Mto Danubi

Ndugu wawili wa mji wa Passau, Ujerumani, Gerlinde na mdogo wake Roswitha, walikuwa wakipanga kwenda Budapest na binamu zao, kwa meli ya mto Danubi. Gerlinde alitandaza picha za meli mezani, kando ya keki ya tufaha.

"Chumba chetu hiki hapa. Ukilala, dirisha liko usawa wa maji."

Roswitha aliisukuma picha ile kando. Mwaka wa mafuriko, mto huohuo uliingia nyumbani kwake, na mumewe Alois akashuka ghorofa ya chini kumwokoa mbwa, asirudi tena.

"Dada, mimi siwezi."

"Wewe nawe! Mtu mzima unaogopa maji kama paka?"

Roswitha alikitua kikombe chake kwa nguvu, kahawa ikamwagikia picha. "Mpaka leo namsikia Alois akiniita. Nitalalaje juu ya maji yaliyommeza?"

Miaka yote hiyo Gerlinde hakuwahi kuambiwa habari ya sauti hiyo. Akazikusanya picha taratibu.

"Basi binamu waende na meli yao. Sisi tutapanda treni, tukawapokee hukohuko."

"Na madaraja, dada? Treni si inavuka mto?"

"Inavuka. Nitakushika mkono."

Roswitha aliitikia kwa kichwa, lakini usiku ule hakupata usingizi.