Papa Bafle na Sebule ya Lois

Katikati ya Johannesburg, katika majengo ya zamani ambako ofisi zilihama na makanisa yakahamia, hakuna mchungaji Mkongo asiyemjua Lambert. Wanamwita Papa Bafle, maana spika kwa Wakongo ni bafle, na kama bafle zina baba mjini humo, basi ni yeye. Kuna jengo moja ambalo ghorofa ya pili ni kanisa, ya tatu ni kanisa, ya nne nayo ni kanisa, na yote yanaabudu Jumapili saa ileile. Mchungaji wa ghorofa ya pili alimwita Lambert amfungie bafle za kumzima wa tatu. Wa tatu naye akamwita. Wa nne hakuchelewa. Lambert aliwahudumia wote kwa moyo mweupe, wala hakuona dhambi. Kila mtu ana haki ya kusikiwa mbinguni, alisema, na yeye si mtu wa kubagua ghorofa.

Ni mtu wa Lubumbashi, viatu vyake vinang'aa hata akiwa na nyaya begani, na sauti yake haihitaji kipaza. Waswahili husema kizuri chajiuza, lakini Lambert anaamini hata kizuri lazima kwanza kionekane. Bafle zake huzipanga mbele kabisa, moja juu ya nyingine hadi karibu na dari, watu waingie wazione kabla hawajamwona mchungaji.

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Mkewe Marthe, msusi wa nywele mwenye saluni mtaani kwao Bellevue, hakuwahi hata siku moja kuisifu kazi yake. Kile ambacho waumini waliita upako, Marthe alikiita kelele. Alimtetea mumewe mbele ya ndugu, alimpikia sombe, kisamvu cha kwao, hadi mumewe akarudia sahani, lakini kelele zilibaki kelele, naye Marthe akabaki na misa yake ya Kikatoliki isiyo na ngoma. Lambert alilifanya jambo hilo mzaha mbele ya watu. Ukweli ni kwamba lilimuuma. Sifa za wachungaji wote watatu hazikufikia neno moja alilokuwa akilingoja nyumbani kwake.

Kazi iliyobadilisha mambo ilianzia kwenye kiti cha saluni. Lois, Mkenya anayefundisha chuo kikuu, alikuwa anasukwa huku akimlalamikia mumewe Owuor, mtu wa benki, aliyetaka kuigeuza sebule yao ya Randburg kuwa sinema. Lois alikuwa amekubali kwa sharti moja: asione spika hata moja, wala waya hata mmoja. Marthe, vidole vikiwa katikati ya nywele za mteja, akasema kabla hajafikiri, "Bwana yangu atakufanyia." Alifika nyumbani akiwa ameshaanza kujuta.

"Zifichwe?" Lambert aliuliza, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. "Bafle inafichwaka juu ya nini? Imeiba?"

"Mwenye nyumba anataka vile," Marthe alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Papa Glody, nakuomba. Ule mama ni muteja wangu, nimekwisha kutoa kinywa changu. Usiende kumujengea kanisa ndani ya nyumba."

Wakaenda dukani mjini, Lambert na Owuor, kuchagua. Owuor alikuwa amesoma usiku na mchana, simu haimtoki mkononi. Lambert yeye ana njia yake: huinua bafle, akaipima uzito kama mtu anayenunua kuku sokoni.

"Hii ni nyepesi. Hii ni redio tu," alisema, akairudisha.

"Lakini mzee, za kwenye dari zinafaa ziwe nyepesi," Owuor akamwambia. "Helikopta ikipita kwenye sinema, unafaa uisikie juu ya kichwa. Maneno ya watu ndiyo yanatoka mbele."

Lambert alimtazama kwa huruma. Kwake sauti hutoka mbele, ambako mhubiri amesimama. Nani alishawahi kuhubiriwa kutoka darini? Lakini alikumbuka kinywa alichokitoa Marthe, akakubali. Walichukua nne za mviringo za kuzama kwenye dari, mbili za kuingia ukutani, moja kila upande wa runinga, na moja nene ya besi ya kukaa ndani ya benchi la dirishani. Hiyo ya mwisho Lambert aliibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Angalau hiyo ilikuwa na uzito.

Na kazi aliifanya vizuri, tusimwonee. Alipanda darini, akapitisha nyaya ndani ya kuta, akapaka vifuniko vya juu rangi ileile ya dari hata mtu asijue pa kutazama. Zilibaki zile mbili za mbele, ambazo zilihitaji kufunikwa kwa kitambaa. Hapo ndipo malezi mema yalipomponza. Kwao, mtu wa heshima hapewi kitambaa chembamba. Kitambaa cha heshima ni kitenge cha waksi, kizito, unakikunja kinakaa. Lambert alizunguka maduka ya mjini hadi akapata kizito kuliko vyote, cha kijani na dhahabu, akakivuta mbele ya bafle hadi kikakaza kama ngozi ya ngoma. Sebule ikapendeza. Lois alipiga makofi.

Kisha wakawasha. Wale watu wa kwenye sinema walifungua midomo, na maneno yakatoka kama ya mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi mbili, tena ana ugali mdomoni.

Lambert akafanya kile anachofanya Jumapili: akaongeza sauti. Bado. Akaongeza tena. Ilipogoma, akashika kipaza sauti chake cha majaribio na kupaza, "Haleluya!" akangoja amina, kama kawaida yake. Kilichomjibu ni picha ya harusi ya Lois, iliyodondoka kutoka ukutani.

"Papa Glody," Lois alisema taratibu, akiokota vioo, "hii ni sitting room. Hakuna mtu hapa anatolewa mapepo."

Owuor aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lambert hakucheka. Alifunga vifaa vyake, akaahidi kurudi, akashika njia ya Bellevue.

Marthe alikuwa ameshapigiwa simu. Lambert alitegemea ngurumo, lakini mkewe alimtengea chakula tu, akampa na maji ya kunawa, na upole huo ukamchoma zaidi. Mwishowe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Kuuliza si ujinga. Akamwuliza mkewe kuhusu kazi ya bafle.

"Nilitia kitambaa cha bei, Marthe. Kizito. Juu ya nini sauti inakufa?"

Marthe alikiomba kile kipande kilichobaki. Akakiweka mdomoni, akapuliza. Mashavu yakamvimba.

"Ona. Pumzi haipiti," alisema. "Ukitaka kufunika mutoto uso juu ya jua, unapulizaka kwanza kwenye kitambaa. Pumzi ikipita, mutoto anapumua. Hii, ungeua mutoto. Kila mama anajua."

"Mimi si mama."

"Eish, Lambert. Nimeona."

Siku iliyofuata wenye maduka ya vitambaa mjini walimshangaa mwanamume mzima, viatu vinang'aa, akipita toka duka hadi duka akibandika vitambaa mdomoni na kupuliza. Mmoja alimfukuza. Kwa mwingine akapata cha kijivu, chepesi, kilichofumwa kwa kulegea, cha aina ambayo mama yake asingekubali hata kudekia. Pumzi ilipita bila kuuliza ruhusa. Alikifunga kwa Lois bila kusema mengi, akawasha, akapunguza, akaenda kuketi kwenye kochi, mahali pa wenye nyumba, na kusikiliza. Mwanamke kwenye sinema alinong'ona, naye akamsikia.

Jumamosi mchana Lois akawaalika wote wawili. Marthe alikuja na sombe, akakaa kwenye kochi miguu imebana, kama mtu aliyejiandaa kuvumilia. Mapazia yalifungwa. Sinema yenyewe ilikuwa ya watu wanaogombana jikoni kuhusu urithi, na Owuor aliifurahia sana. Lambert hakuiona hata kidogo. Alikuwa anamtazama mkewe kama kijana aliyepeleka barua ya posa.

Kule jikoni kwenye sinema waligombana, wakanyamaza. Katika ule ukimya likaanguka tone moja juu ya bati. Kisha mawili. Kisha dari nzima ya sebule, upande huu na upande ule, ikaanza kunyeshewa.

"Yesu! Nguo!" Marthe aliruka. Bellevue nyumba moja wanakaa watu wa vyumba saba na kamba ya nguo ni moja, na anayesikia tone la kwanza huwaanulia wote. Hilo halina mjadala. Kabla Lois hajamshika, alikuwa ameshakimbilia uani bila viatu.

Alirudi amekumbatia mashuka ya Lois, makavu, yenye joto la jua. Akasimama mlangoni. Nyuma yake jua la mchana lilikuwa linawaka bila wingu hata moja, na ndani mvua ilikuwa bado inanyesha. Akatazama juu, akaona dari nyeupe tupu. Akamtazama mumewe.

"Lambert. Ni weye?"

Lambert, mtu wa maneno, aliitikia kwa kichwa tu. Owuor alikuwa anafuta machozi ya kicheko, na Lois ameshaficha uso kwenye mto. Marthe akacheka nao, akacheka hadi mashuka yakamponyoka. Kisha akaja akakaa, safari hii karibu na mumewe, akauegemeza mgongo kwenye kochi na kufumba macho.

"Irudishe mvua," akasema. "Nataka kuisikia."