Tulipobishana Utatu, Dada Akisubiri Kuzikwa

Nilikuwa nimerudi kutoka Ujerumani, nilikowafundisha Kiswahili maofisa waliojiandaa kuja kututawala. Saa zangu za mapumziko nilikaa nyuma kabisa ya darasa la chuo kikuu, nikisikiliza elimu ya dini. Nilirudi Morogoro na koti zito lisilofaa kwa joto letu, na maneno mengi yasiyofaa kwa lolote.

Dada yangu alifariki mlimani, Uluguru, alikobatizwa. Padre alikuwa safarini, hivyo maziko yakabaki kwa katekista. Mama, ambaye ni Mwislamu, alipanda kutoka mjini na mwalimu wake wa Kurani. Alitaka jambo moja tu: binti yake alazwe akielekea kibla, ili siku ya kufufuliwa waamke wakitazama upande mmoja. Katekista akakataa; Mkristo, alisema, hulazwa akielekea mashariki.

Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, akaogopa kuchagua.

"Bishaneni kwanza," akasema. "Yesu akiwa Mungu, binti azikwe Kikristo. Akiwa mtume, azikwe kwa kibla."

Tukaketi barazani. Mama akamwacha maiti ndani na wanawake, akaja kukaa karibu nasi.

"Chemchemi, kijito, na maji ya mtungini," alianza katekista. "Je, maalim, ni maji matatu?"

"Na mtungi ulipovunjika msalabani, mwanangu, chemchemi nayo ilikauka?" maalim akauliza.

"Kilichokufa ni ubinadamu wake."

"Basi mnamwabudu nusu!"

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikaeleza dhati moja na nafsi tatu, nikataja Wagiriki, nikasahihisha pande zote mbili. Mama alinitazama kama mtu anayemtazama mganga.

Mtani wetu, Mzigua, akapita na jembe begani. Kwetu watani ndio wanaochimba na kuzika, tena kwa matusi, na kukasirika ni mwiko.

"Bwana Ulaya," akasema, "maiti atanuka kabla hujamaliza hiyo dhati. Waluguru nyie, hata kufa hamjui mpaka mfundishwe!"

Tukacheka kama ilivyo desturi, tukaendelea. Mvua ilikuwa inashuka kutoka kileleni. Watani wakachoka kutungoja, wakamtoa dada kwa mlango wa uani.

Waliporudi, matope yakiwa yamewafika magotini, mimi nilikuwa bado nasema.

"Mmemlaza vipi?" Mama akauliza.

Mzigua akawatazama wenzake. Hakutania.

"Tumefuata mteremko, mama. Pale mlima ni mkali, kaburi halikukubali upande mwingine."

Si kibla, si mashariki. Na alichokizika mtani hakifukuliwi. Katekista akafungua kitabu chake, akakifunga tena. Maalim akaanza kutafuta viatu vyake.

Mama akanigeukia. "Wewe uliyesoma. Ataamka akitazama wapi?"

Nilifungua mdomo. Mvua ikanisaidia kidogo kwa kelele zake, kisha ikakatika, na mama alikuwa bado ananingoja.

Tangu siku ile hakuniuliza tena neno la dini. Huniuliza tu kama nimekula.