Nati Nne Upande Wetu wa Ukuta

Kabla sijaigusa, ile stoo ya makaa nyuma ya chumba chetu ilikuwa imekimbiwa hata na panya. Panya wa mtaa wetu, hapa nyuma ya soko la Nakawa, ni wakubwa kiasi kwamba paka huwapisha njiani, lakini hata wao walikuwa wamehama. Mabati ya paa yalikuwa matundu matupu yaliyoshikiliwa na kutu, sakafu ilikuwa vumbi jeusi la kufika magotini, na mlangoni zilibaki bawaba tupu zikiungojea mlango. Mwenye nyumba aliponiruhusu kuigeuza chumba cha kulala alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akauachia upesi, maana ukuta nao ulikuwa kama unacheka.

Sikuwa na la kuchagua. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kutibiwa mikono.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hasa wa kulia. Chai ilikuwa inamwagika kabla ya kufika mdomoni. Daktari wa hospitali kubwa alitaka kumwona kila Jumatatu kwa miezi miwili, abadilishe dawa kidogo kidogo aone ipi inamkubali. Kutoka kwao, upande wa Masaka, safari hiyo ya kila wiki ilikuwa inammaliza, na Jumatatu moja alikuwa ameshaikosa. Hapa mjini hana mtoto mwingine ila mke wangu, na mke wangu hana nyumba ila mzigo wetu. Ndivyo tunavyokiita Kampala chumba kimoja cha kupanga, ambamo kitanda, jiko na kabati vinasukumana kwa viwiko. Sasa, mke wangu ni Mganda kwa kabila, na Waganda hawana mzaha katika hili: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono. Hawapishani mlangoni. Kwa hiyo ama nipate paa la pili kabla ya Jumapili, ama mama abaki kijijini na mikono yake.

Lilikuwapo jambo lingine, ambalo nililifunika kwa mzaha wiki nzima. Kule kwao ugonjwa wa kutetemeka una jina. Unaitwa obuko, na neno hilohilo ndilo linalotaja ukwe. Wanaamini kwamba mtu akianza kutetemeka hivyo, basi yeye na mkwe wake kuna mpaka waliouvuka. Na mama ana mkwe wa kiume mmoja tu chini ya jua. Ndiye huyu anayeandika.

Mashemeji zangu walikuwa wameacha kupokea simu zangu. Sikumuuliza mke wangu sababu, naye hakunieleza. Tulikuwa tunajua wote wawili.

Ubaya ni kwamba kosa nilikuwa nalo. Miaka miwili nyuma, siku moja ya mvua ya Kampala, ile inayonyesha kama ziwa limepinduliwa, mama alikuwa anashuka kwenye teksi akateleza, nami nikamdaka mkono. Nilimshika juu ya kiwiko, akasimama, nikamwachia. Mke wangu alikuwa amegeuka anachukua mizigo, hakuona. Mimi nilikulia kambi ya polisi, baba yangu akiwa askari kutoka kaskazini, na kambini ukimwona mtu anaanguka unamdaka kwanza, habari za ukoo mtaulizana baadaye. Mama hakusema neno. Mimi pia sikusema. Lakini niliposikia kwamba mkono wake unatetemeka, nililala macho nikijiuliza ulikuwa mkono upi niliomdaka. Ulikuwa wa kulia.

Kwa hiyo nilipoanza kazi kwenye ile stoo, nilifanya kama mtu anayelipa faini.

Nilichukua likizo ya wiki nzima kwenye geti ninalolinda eneo la viwanda, na msimamizi akanipa mbao za chaga zilizovunjika, zile za kupangia mizigo, nizibebe zote nitakazoweza. Nilibeba nyingi mpaka mwenye bodaboda akaniuliza kama nahamisha msitu. Sakafu niliishindilia udongo mwekundu, juu yake nikamwaga saruji nyembamba. Mchanga niliuchekecha kwa chandarua kilichotoboka. Mwiko wa kupigia plasta sikuwa nao, nikasiriba kuta kwa viganja vyangu mwenyewe mpaka ngozi ikachubuka. Chokaa nilichanganya na chumvi ili isimchafue mtu akiiegemea. Hilo nilifundishwa na baba. Kambini, familia mbili zilikaa kibanda kimoja cha bati cha mviringo, katikati pazia la magunia, na kila Krismasi baba alilipaka chokaa yenye chumvi likakauka likawa kama ukuta. Mabati mabovu niliyaziba kwa lami, na chini yake nikatandaza magunia ya sukari niliyoyashona pamoja, yakawa dari nzuri kuliko ya bunge.

Dirisha ndilo lililonipa sifa mtaani. Kwenye gereji za Kisenyi nilipata mlango mzima wa lori bovu, kioo chake bado kinapanda na kushuka kwa kuzungusha mkono. Nikaujengea ukutani. Watu walikuja kuuzungusha kama wako kwenye maonyesho.

Halafu nikaweka kishikio. Nilitaka mama akiamka awe na kitu cha kushika, kwa hiyo nikachukua bomba la maji la chuma, urefu wa mita moja, nikalilaza ukutani kando ya mahali pa kitanda. Ukuta huo stoo inachangia na chumba chetu. Tofali lake lilikuwa laini kama mkate, skrubu zikagoma. Lakini mimi nilimaliza sekondari kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na mke, na fizikia ya jioni haipotei. Nilitoboa ukuta mpaka upande wa pili, nikapitisha bolti ndefu nne, nikazikaza kwa nati upande wetu, juu tu ya mto wangu. Tembo angeweza kuning'inia pale.

Wakati wote huo jirani yetu, Mkongomani fundi wa sofa, alikuwa barazani kwake akinitazama na misumari mdomoni. Siku ya kwanza aliniuliza, "Afande, hii nyumba ni ya mama mkwe ao ya kuku?" Siku ya nne aliacha kucheka akaniazima randa.

Jumapili, baada ya saa sita, nilimaliza kitanda. Mke wangu alikuwa ameenda kituo cha basi kumpokea mama, na kwa hesabu yangu wangefika jioni. Nilikuwa nimekitengeneza kwa mbao za chaga, kifupi, ili mama asihangaike kunyanyuka, na juu yake nikaweka godoro jipya. Jirani akaja kukikagua. Akakibonyeza mara mbili.

"Hii kitanda iko nalia," akasema. "Mama akigeuka, mtaa yote itajua."

Akarudi kwenye sofa zake. Nikabonyeza na mimi, kikalia kweli, lakini sikuweza kujua wapi. Fundi mwenye akili angeita mtu mwingine alale, yeye asikilize. Mimi nilipanda mwenyewe. Nikageukia kushoto, nikasikiliza. Nikageukia kulia. Kuna ubao mmoja miguuni ulikuwa unalia, nikasema ngoja nipumzike dakika moja ndipo nishuke nikaupigilie. Nilikuwa nimefanya kazi siku saba. Nikalala kama gunia.

Kilichoniamsha ni kimya. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na begi la mama mkononi. Nyuma yake, pale uani, mama alikuwa amegeuka akaniachia mgongo, leso ameivuta mpaka usoni ili tusionane, amepiga magoti akitazama ua wa miti. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga paja lake wenyewe, haraka haraka.

"Ssebo," mke wangu akasema kwa sauti ndogo, na ssebo kwao ni bwana, neno la heshima, kama nyabo ilivyo kwa bibi, "umelala kwenye kitanda cha mama."

Mlango ulikuwa mmoja na mama alikuwa nje yake. Kupita karibu naye isingewezekana. Nikazungusha kile kioo cha lori kikashuka, nikatoa kichwa, nikatoa mabega, tumbo likakwama. Jirani aliweka nyundo chini, akaja akanivuta kwa mikono miwili kama anang'oa muhogo. Siku nyingine mtaa ungecheka mwezi mzima. Hakuna aliyecheka.

Nilikaa kwenye kona ya nyumba, mama akiwa upande wa pili wa kona, ameketi kwenye mkeka. Mke wangu alisimama pale konani, akituona wote. Mama alisema arudishwe kituoni, basi la jioni bado lipo. Mke wangu alimwambia kesho ni Jumatatu. Mama akasema anajua.

Jirani aliingia ndani bila kuulizwa. Tulisikia anang'oa misumari. Alikibomoa kile kitanda ubao kwa ubao, akazitoa mbao nje mbele ya mama, akaanza kukiunda upya kwa mikono yake, na badala ya godoro langu akaleta sponji aliyokuwa ameikata kwa ajili ya sofa ya mteja. "Mimi sina mkwe hapa," alimwambia mke wangu. "Aniangalie nikiunda."

Mama alimwangalia, halafu akauliza kitu. Inabidi nieleze tulivyokuwa tunaongea. Hatukuwa mbali, kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini mkwe na mama mkwe hawajibizani hivyo. Mama alimwambia mke wangu, mke wangu akaniambia mimi. Mimi nilimjibu mke wangu, mke wangu akampa mama.

"Muulize," mama akasema, "hizi kuta nani amezisiriba."

"Anauliza kuta nani amezisiriba."

Nikasema ni mimi.

"Kwa mwiko?"

"Anauliza kwa mwiko?"

Nikavitazama viganja vyangu. Nikasema kwa mikono.

Niliona kabisa safari yake ya kurudi kituoni: kila mahali ambapo angeegemea palikuwa na mkono wangu. Hapo ndipo yale ya mvua yakanitoka. Nilimwambia mke wangu, bila kumwangalia, kwamba miaka miwili iliyopita, mama akishuka kwenye teksi, nilimshika mkono wa kulia. Nikasema kama ni mimi niliyemletea haya, naomba anisamehe, na nitakwenda kwa mashemeji zangu niseme mwenyewe.

Mke wangu alifungua mdomo apeleke maneno, asiweze. Hakukuwa na haja. Mama alikuwa ameyasikia.

"Siku mliyoniletea huyu mkwe nyumbani," mama akaanza, akimwambia binti yake, "siku ya kujitambulisha kwa wazee, nilikaa mikono yangu nimeifunga ndani ya mshipi wa gauni langu la gomesi. Ulidhani ni baridi. Ilikuwa inatetemeka tayari."

"Mama, kaka zangu wanamlaumu yeye."

"Najua. Nimewaacha wamlaumu. Wakijua nilianza kabla yake, watatafuta mwingine. Watamfukua baba mkwe wangu, na mimi pamoja naye. Nilikaa nyumbani kwake nikiwa bibi arusi wa miaka kumi na minane. Hakunigusa hata kidole. Nani ataniamini, na mikono hii?"

Jirani alikuwa ameacha kugonga.

"Mwambie mkwe wangu," mama akasema, "hili naomba anibebee."

Mke wangu alikuwa analia na hakuniambia kitu. Nikajibu bila kumsubiri, na ndiyo mara pekee maishani nimemjibu mama moja kwa moja.

"Nitabeba, nyabo."

Kisha mke wangu, akijifuta kwa mkono wa gauni, akageuka upande wa mama akarudia kwa utaratibu wote: "Amesema atabeba."

Mama alilala mle. Kesho yake alikwenda hospitali, na Jumatatu zilizofuata zote. Miezi miwili imeisha, daktari ameongeza mingine. Amewaambia ni ugonjwa wa neva za ubongo, dawa itaupunguza lakini haitauondoa. Mke wangu aliwapelekea kaka zake maneno hayo ya daktari, wakayasikiliza, wakamshukuru. Mwezi uliopita mkubwa wao alikuja kumwona mama. Alizungusha dirisha la lori, akalisifu, akauliza fundi ni nani, akaambiwa ni jirani Mkongomani. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano. Aliondoka bila kunisalimu, na mimi, ninayeweza kusimulia mchezo wa mpira kwa saa tatu, muda mrefu kuliko mchezo wenyewe, sikusema kitu. Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu kule kwao Kiswahili ni lugha ya askari, hakuna atakayekisoma.

Asubuhi, mwanga ukianza kuingia, nati zile nne huanza kulia juu ya mto wangu. Mama amekamata kishikio. Bomba linatetemeka na mkono wake, bolti zinapita na mtetemo ukutani, na mimi nausikia sikioni kama meno ya mtu mwenye baridi. Silitikisi hata blanketi. Nangoja mpaka zinyamaze, mlango wa stoo ufunguke, ndala zipite kwenda bafuni na kurudi. Kuna siku zinalia kidogo tu nikafurahi mpaka jioni. Kuna siku zinalia muda mrefu, na mke wangu ananishika mkono chini ya blanketi, wote tukihesabu bila kusema.

Kila Jumamosi nachukua spana nazikaza. Jumamosi inayofuata nakuta zimelegea tena.